Si Kila Jino Liumalo la Kung'olewa

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba yajulikana na kila mtu wa Lubumbashi. Mji wetu umejengwa katika nyanda za juu, kiasi cha meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa miezi hiyo joto hushuka mara nyingi chini ya digrii 10. Asubuhi mtu achota maji katika ndoo iliyolala nje, atia kinywani apate kusukutua, na mara ashtuka: jino limemchoma kama sindano. Dakika haijapita, maumivu yametoweka kana kwamba hayakuwako. Baadaye, mvua zikisha kuanza, maembe yaonekana mitini, na watoto huyala mabichi kwa chumvi. Jioni wakipewa kipande cha muwa, washindwa kuuma. Meno yote yameingia ganzi.

Wengi wakipatwa na mambo hayo husema, "Jino hili limekwisha, afadhali ling'olewe." Huenda kwa mtu yeyote mwenye koleo, walipa fedha, warudi nyumbani na pengo. Kisha wiki mbili zikipita, jino la jirani laanza kuchoma vilevile! Ndipo wasemapo kwamba meno yao ni ya ukoo mbaya. Sivyo, ndugu msomaji. Jino lisilooza hata kidogo laweza kuchoma hivyo, na mara nyingi laweza kutulizwa bila kung'olewa. Lakini jino la mtu mzima likisha kung'olewa halioti tena maisha yote. Kwa hiyo yafaa tujue ganzi ni kitu gani, yatoka wapi, na dawa yake ni nini.

Jambo hili si geni duniani. Manabii Yeremia na Ezekieli, walioishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, waliitaja ganzi ya meno katika methali moja ya watu wao juu ya zabibu mbichi. Wakulima wa nchi ile walijua kwamba tunda chachu na jino hawapatani. Wao waliona tendo. Sisi leo twaweza kuona na sababu yake.

JINO LIMEUMBWAJE?

Fikiri nyumba ya matofali mabichi, kama zile zijengwazo pembezoni mwa mji. Nje imepakwa saruji ili mvua isiyale matofali. Ndani ya saruji kuna matofali yenyewe, na ndani ya kuta wakaa wenye nyumba.

Jino nalo ni vivyo hivyo. Saruji yake ni enameli, ile sehemu nyeupe ionekanayo. Katika mwili wote hakuna kitu kigumu kuipita: sehemu 96 hivi katika 100 za uzito wake ni madini matupu. Haina damu wala mshipa wa fahamu, kwa hiyo haisikii maumivu. Lakini ina upungufu mmoja mkubwa. Chembe hai zilizoijenga hufa jino litokezapo kinywani. Basi ikisha kuliwa, mwili hauwezi kujenga nyingine.

Chini ya enameli ipo dentini, yenye rangi ya manjano kidogo na laini zaidi. Hayo ndiyo matofali. Na katikati kabisa kimo kiini cha jino, chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Hao ndio wenye nyumba. Mzizi wa jino hauna enameli: una ngozi nyembamba tu ya madini, na kinga yake kubwa ni ufizi uliolala juu yake.

Sasa hii ndiyo siri ya ganzi. Dentini si kitu kizima kama jiwe. Imejaa vijimfereji vidogo mno, kila kimoja chenye upana wa sehemu moja au mbili za elfu ya milimita, navyo vyatoka karibu na kiini mpaka chini ya enameli. Katika eneo la milimita 1 ya mraba vimo makumi ya maelfu, na ndani yake mna majimaji. Mwaka 1900 Alfred Gysi, mwanachuoni wa Zürich katika Uswisi, alisema kwamba majimaji hayo yakisukumwa au yakivutwa ndipo jino linapouma. Katika miaka ya 1960 Martin Brännström wa Sweden alilichunguza jambo hilo kwa majaribio mengi, na tangu hapo waganga wa meno karibu wote wamelipokea.

Enameli ikiwa nzima na ufizi ukiwa mahali pake, midomo ya vijimfereji hufunikwa. Lakini dentini ikibaki uchi, maji ya baridi huyavuta majimaji kuelekea nje. Sukari na vitu vichachu huyavuta vilevile. Upepo wa asubuhi huyakausha. Mshipa wa fahamu ulio ndani wasikia mwendo huo na kupiga kelele. Kisha, baridi ikiondoka, majimaji yatulia na maumivu yakoma. Kwa hiyo ganzi si jino bovu, bali ni jino lililovuliwa nguo. Swali la kwanza si "Nani atalingoa?" bali "Nani amelivua?"

ADUI WA KWANZA: UCHACHU

Wanafunzi, fanyeni jaribio hili nyumbani kwa ruhusa ya mama. Twaeni yai la kuku, mlitie katika bilauri ya siki. Mtaona mapovu madogo yakipanda. Baada ya siku moja au mbili gamba limekwisha, na yai limebaki laini kama mpira. Gamba la yai ni la chokaa, na jino ni la madini mengine magumu zaidi. Lakini asidi, yaani ule uchachu, huyayeyusha yote mawili.

Wanachuoni huupima uchachu kwa kipimo kiitwacho pH. Maji safi ni 7, na kadiri namba inavyoshuka, ndivyo uchachu unavyozidi. Enameli huanza kuyeyuka namba ishukapo chini ya 5.5 hivi. Dentini, kwa kuwa ni laini, huanza mapema zaidi. Maji ya limau yana 2 na kidogo. Soda nyeusi za kola zina 2.5 hivi, ingawa sukari yake huuficha uchachu tusiusikie. Maembe mabichi, ndimu, siki na maji ya ukwaju yamo katika jamaa hiyo hiyo. Hata munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, huzidi kuchacha kadiri unavyokaa.

Je, tuviache vyote? La, hasha. Mate ya kinywa ni dawa: huosha uchachu na kulirudishia jino sehemu ya madini yake. Lakini mate yataka muda. Mtu anywaye soda moja pamoja na chakula, akaimaliza, huyapa mate nafasi ya kufanya kazi. Yule akaaye na chupa moja tangu asubuhi mpaka jioni, akionja kidogo kidogo, hayapi nafasi kabisa. Ubaya hauko katika wingi tu, bali pia katika kurudia-rudia.

Uchachu mwingine hutoka tumboni. Mama mjamzito atapikaye kila siku, na mtu ambaye chakula humpanda kooni usiku, meno yao huogeshwa katika asidi kali. Akisha kutapika, mama asipige mswaki papo hapo, maana enameli imelainika na mswaki utaikwangua. Asukutue kwanza kwa maji, na akiwa na bikarbonati, atie kijiko kidogo katika kikombe cha maji hayo. Kadhalika ajihadhari na pemba, ule udongo mweupe ambao wajawazito wengi huupenda: ukitafunwa husaga meno.

ADUI WA PILI: MKONO WETU WENYEWE

Wako watu wasafi sana waumizao meno yao kwa usafi wao. Hushika mswaki mgumu na kusugua kwa nguvu huku na huku kama wasuguao sufuria. Wengine hutumia makala yaliyosagwa, majivu au mchanga. Meno yang'aa kweli, lakini hung'aa kama kisu kinavyong'aa kwa kunolewa: kila siku sehemu yapungua. Tena ufizi huchoka na kurudi nyuma, na shina la jino, lisilo na enameli, hubaki wazi. Mahali hapo, karibu na ufizi, ndipo ganzi ipendapo kukaa.

Ufizi hurudi pia kwa sababu iliyo kinyume, yaani uchafu. Ukoga usipoondolewa huwa mgumu kama chokaa, ufizi huvimba, hutoa damu na kuliachia jino. Tumbaku huzidisha ugonjwa huo.

Tuongeze mengine mawili. Wako wasagao meno usingizini, hata mke au ndugu alalaye karibu husikia. Na wako vijana wafunguao chupa kwa meno ili wasifiwe na wenzao. Jino likipata ufa, baridi hupita katika ufa huo. Kifungua chupa chapatikana kwa fedha kidogo, jino halipatikani.

NENO KWA WATU WA VIWANDANI

Katanga ni nchi ya shaba. Tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba kwa moto mwaka 1911. Huko Shituru, katika Likasi, njia nyingine ilianza mwaka 1929: madini huyeyushwa katika asidi ya salfa, kisha shaba huvutwa kwa nguvu ya umeme. Leo njia hiyo yatumika katika viwanda vingi vya Haut-Katanga na Lualaba. Juu ya mapipa makubwa ya asidi mapovu hupasuka, na kila povu hurusha hewani matone madogo yasiyoonekana.

Waganga wa nchi mbalimbali, walipowachunguza wafanyakazi wa viwanda vya betri na vya asidi, waliona jambo moja. Meno yao ya mbele, yale yasiyofunikwa vema na midomo, yalikuwa yameliwa kwenye makali yake. Basi ndugu ufanyaye kazi mahali pa mvuke wa asidi, ukiona meno ya mbele yanapungua urefu au yanachoma kwa baridi, usidhani ni uzee. Vaa kinga ya kinywa na pua iliyowekwa kwa kazi hiyo, ifunge vema, usukutue maji safi mara kwa mara, na umwambie mganga wa kazini. Kusema si aibu. Mvuke ulao meno waingia na kifuani.

NI GANZI AU NI KUOZA?

Hapa tuwe na akili, maana dawa za ganzi haziwezi kuponya jino lililooza. Tuseme mama mmoja amefika kwa muuguzi.

"Mama, maji ya baridi yakikuuma, maumivu yakaa muda gani?"

"Ni mara moja tu, mwanangu. Nikimeza, yameacha."

"Na usiku je?"

"Usiku nalala vizuri."

"Ni jino moja au mengi?"

"Ni haya yote ya upande huu, karibu na ufizi."

Majibu hayo ni ya ganzi: maumivu makali lakini mafupi, yenye sababu ijulikanayo, nayo hukoma sababu ikiondoka. Lakini kama mama angesema kwamba maumivu huanza yenyewe bila kuguswa, humwamsha usiku, hudumu muda mrefu baada ya maji, huzidi kwa chai ya moto, au hutokea katika jino moja lenye tundu kila atafunapo, hapo muuguzi angelitafuta tundu au ufa, wala asingepoteza siku. Na shavu likivimba pamoja na homa, au mtu akishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vema, aende hospitali siku ile ile, hata usiku. Usaha wa jino umekwisha kuua watu.

DAWA YA GANZI

Tuanze na zile zisizotaka fedha.

Ya kwanza: baada ya kitu kichachu, sukutua kwa maji matupu. Kisha ngoja nusu saa au zaidi ndipo upige mswaki, ili mate yapate kuliimarisha jino.

Ya pili: kula maembe mabichi na malimau pamoja na chakula, si mchana kutwa. Soda isikae mkononi saa nzima.

Ya tatu: shika mswaki kwa vidole kama ushikavyo kalamu, si kwa ngumi kama mpini wa jembe. Sugua polepole kwa miduara midogo, asubuhi na kabla ya kulala. Chagua mswaki laini. Mswaki wa mti wafaa pia, kama nyuzi zake zimetafunwa zikalainika na haukwaruzi ufizi.

Sasa zile zitakazo fedha kidogo. Nunua dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha 1,000 hadi 1,500 ppm. Namba hiyo huandikwa kwenye boksi. Floridi huimarisha enameli na kusaidia kuziba midomo ya vijimfereji. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa za lazima, yaani pamoja na zile ambazo kila nchi yapasa kuwapatia watu wake. Ukisha kupiga mswaki, tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi, usije ukaifukuza dawa. Mtoto wa chini ya miaka 3 atiliwe kiasi cha punje ya mchele tu. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere.

Ganzi ikiwa kali, ziko dawa za meno zilizotengenezwa kwa ajili yake. Katika maduka yetu huandikwa kwa Kifaransa "dents sensibles". Zenye nitrati ya potasiamu hutuliza mshipa wa fahamu. Nyingine, zenye floridi ya bati au arjinini, huziba vijimfereji. Lakini hazifanyi kazi kwa siku moja. Tumia mara mbili kila siku kwa muda wa wiki mbili hadi nne kabla ya kusema kwamba hazifai. Wengi huziacha siku ya tatu, wakapoteza fedha na jino pia.

Ikiwa mwezi umepita na maumivu hayajapungua, mwone mganga wa meno. Yeye aweza kupaka floridi kali, kufunika shina lililo wazi, kuziba ufa, kuondoa ukoga mgumu, au kutengeneza kinga ya kuvaa usiku kwa asagaye meno. Kung'oa kwaja mwisho, jino likiwa haliokoki. Ni kweli kwamba waganga hao ni wachache: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za miaka ya 2014 hadi 2019, katika Afrika hawakufikia 4 kwa kila watu 100,000. Ndiyo sababu kazi ya kulinda meno yabaki zaidi mikononi mwa baba na mama nyumbani.

MAMBO YA KUKATAA

Wako watu watiao jinoni maji ya betri, petroli au msumari wa moto ili "kuua mdudu". Hakuna mdudu. Maji ya betri ni ile ile asidi ya salfa tuliyoitaja: hula jino, huunguza ufizi, na yakimezwa huunguza koo na tumbo. Wengine huweka kidonge cha aspirini juu ya ufizi, nacho huacha kidonda. Aspirini ni ya kumezwa, tena si kwa watoto. Limau na chumvi kwa ajili ya kung'arisha meno ni kuita ganzi kwa jina lake. Lutuku hufanya mtu asahau maumivu usiku, na asubuhi amepata ya kichwa juu ya yale ya jino. Mafuta ya karafuu hutuliza kweli kwa muda kidogo, lakini hayaponyi.

Na yule ang'oaye meno uani kwa koleo moja kwa watu wote, msimwendee. Koleo lisilochemshwa na kutakaswa laweza kuhamisha damu yenye ugonjwa kutoka kwa mtu hadi mtu, na mara nyingi huvunja jino na kuacha mzizi ndani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya tofali shauri hilo ni jema, kwa kuwa ukuta ukianguka wajengeka tena. Enameli haijengeki, na jino lililong'olewa halirudi. Basi maji ya baridi yakikuchoma kesho asubuhi, kabla ya kutafuta koleo jiulize: Nimekula nini jana? Napigaje mswaki? Maumivu yamekaa muda gani? Katika majibu hayo matatu mara nyingi utamwona mwizi wa saruji yako, nawe utaweza kumfukuza jino likiwa bado mahali pake.